Kufuli, meza au daftari: njia tatu za kumsaidia mtoto aliyezidi uzito

Likizo ya muhula wa pili, mwaka juzi, nilinunua kufuli dogo pale soko la Owino, hapa Kampala, la kufungia kabati la jikoni. Binti yangu alikuwa na miaka tisa. Kifungo cha sketi ya shule kilikuwa kimesogezwa mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na siku chache kabla ya hapo mhudumu wa zahanati moja alimpandisha kwenye mizani, akamuuliza mbele ya foleni nzima, "Wewe mtoto, unakula na nani?" Watu wakacheka. Nilirudi nyumbani Kibuli na aibu mbili, yake na yangu, nikaona dawa ni kufuli. Biskuti, sukari, jemu, mkate, vyote vikaingia ndani, ufunguo ukakaa kwenye mkoba wangu.

Wiki ya tatu nikainua godoro lake nibadilishe shuka. Palikuwa na karatasi za pipi zilizokunjwa vizuri kama barua, nusu chapati iliyokauka ikawa kama kigae, na sukari ndani ya kavera, mfuko wa plastiki, lililofungwa kwa uzi wa kushonea. Sukari alikuwa ameinunua dukani kwa hela niliyompa ya daftari la madrasa. Aliponiona nimelishika lile kavera hakukana. Alisema tu, "Mama, nilikuwa naogopa itaisha."

Nyumba yetu haina utajiri, lakini haijawahi kulala njaa. Mtoto wa nyumba hiyo anaogopaje sukari itaisha? Swali hilo ndilo lililonifanya nianze kusoma na kuuliza, na nikagundua kwamba wanasaikolojia wamelihangaikia kwa miongo kadhaa. Ushauri ni mwingi, ila ukiupepeta zinabaki njia tatu, nami nimezipa majina ya nyumbani: kufuli, meza na daftari. Ipo na ya nne, ya kusubiri "atapungua akirefuka", nayo ndiyo inayofuatwa na wengi wetu bila kujua kwamba tumechagua.

Hakikisha kwanza

Jicho la mzazi ni mizani mbovu. Wazazi wengi wa watoto waliozidi uzito huwaona wa kawaida, na wengine hukosa usingizi kwa mtoto ambaye hana tatizo lolote, ana mashavu tu ya ukoo wao. Uzito peke yake hausemi kitu. Unasomwa pamoja na urefu, umri na jinsia kwenye chati ya Shirika la Afya Duniani. Kwa mtoto wa miaka 5 hadi 19, akivuka mstari wa +1 amezidi uzito, na akivuka +2 huo ni unene wa kupindukia. Kwa aliye chini ya miaka 5 mistari hiyo ni +2 na +3.

Usishangae ukimkuta mhudumu amezoea zaidi kutafuta wembamba. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Uganda wa mwaka 2016 ulikuta watoto 29 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka 5 wamedumaa, na 4 tu ndio waliozidi uzito. Ile tepu ya kuzungushwa mkononi, yenye nyekundu, njano na kijani, kazi yake ni kumkamata mtoto aliyekonda. Kwa hiyo omba chati ya uzito na urefu kwa jina lake, uonyeshwe nukta ya mwanao iko wapi, na ikiwezekana nukta ya mwaka uliopita ilikuwa wapi. Nukta mbili zinasema mengi kuliko moja.

Kuhusu kusubiri: subira ina haki yake kidogo, kwa sababu mtoto anayekua hahitaji kupungua kilo. Mara nyingi lengo ni uzito usimame mahali pamoja urefu ukiufikia. Lakini uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba zaidi kidogo ya nusu ya watoto wenye unene wa kupindukia, yaani asilimia 55 hivi, huingia nao ujanani, na katika vijana walio nao takriban asilimia 80 huwa nao ukubwani. Mtu anayesubiri anacheza kamari ya nusu kwa nusu, na kadiri mtoto anavyokua ndivyo kamari inavyokuwa mbaya.

Jaja na shavu nono

Njia yoyote utakayochagua itapita mbele ya bibi wa mtoto, jaja kama tunavyomwita. Mama mkwe wangu anakaa Bombo, na kwake mtoto mnene ni Alhamdulillahi. Nilikuwa nikidhani ni ushamba tu, hadi nilipokaa naye nikapiga hesabu ya miaka. Mwaka 1985 ndipo madaktari walipoandika kwa mara ya kwanza juu ya ugonjwa mpya uliokuwa ukiwamaliza watu kusini mwa nchi, UKIMWI, ambao watu walikuwa tayari wanauita "silimu" kwa jinsi ulivyowakausha. Yeye alizika wadogo zake wawili. Mtu aliyeona nyama ikitoka kwenye uso wa mdogo wake wiki kwa wiki, ukamwambie leo kwamba shavu la mjukuu ni hatari, atakusikia kwa sikio moja. Kabla ya silimu palikuwa na kwashiakoo. Hospitali ya Mulago ina wadi ya lishe iitwayo Mwanamugimu, yaani mtoto mwenye afya, na vizazi vya akina mama vimefundishwa hapo namna ya kumtia mtoto nguvu. Hofu ya wembamba hapa kwetu ina makaburi nyuma yake, na hiyo ndiyo saikolojia ya kwanza ya kuielewa kabla ya kumgusa mtoto.

Jambo la pili linalonipunguzia hasira: kuna watoto wanaozaliwa na hamu kubwa ya chakula. Mwaka 2008 Jane Wardle na wenzake wa London walichunguza maelfu ya mapacha wa miaka 8 hadi 11, wakakuta kwamba takriban asilimia 77 ya tofauti za uzito kati ya watoto hao ilitokana na urithi. Urithi huo hauna kazi kubwa palipo na uhaba. Unaamka pale penye duka kila kona. Kwa hiyo watoto wawili wa tumbo moja, sahani moja, mmoja anasahau chapati yake akikimbilia mpira, mwingine anaisikia ikimwita kutoka jikoni. Huyo wa pili hana tabia mbaya.

Kufuli

Sifa za kufuli ni kwamba halina gharama kubwa, linafanya kazi siku hiyo hiyo, na linampa mzazi raha ya kuona amechukua hatua. Humo naweka pia ndugu zake wote: kumpima kila Jumapili, kumnyang'anya sahani, kumkataza soda wakati wengine wanakunywa, na "angalia mwenzako alivyo mwembamba".

Ubaya wake umeonyeshwa kwa ushahidi ulio wazi. Mwaka 1999 Jennifer Fisher na Leann Birch, watafiti wa Marekani, waliwawekea watoto wadogo vitafunio viwili vinavyofanana. Kimoja kilikuwa huru, kingine kiliwekwa ndani ya chombo, watoto wanakiona lakini hawaruhusiwi kukigusa isipokuwa kwa muda mfupi. Muda si mrefu watoto walikuwa wakikizungumzia kile kilichozuiwa, wakikiomba, wakikinyemelea, na kilipofunguliwa walikichukua zaidi. Utamu wake haukuwa umeongezeka hata chembe. Kilichokipandisha thamani ni ule mfuniko.

Niliposoma hapo nikaliona kavera la sukari chini ya godoro. Nilikuwa nimeigeuza sukari kuwa dhahabu.

Lakini wengi wanachanganya hapa: kutonunua hakuna uhusiano na kufungia. Soda isiyokuwepo nyumbani haimsumbui mtu, mtoto anaisahau akacheza. Soda iliyopo kwenye friji kwa ajili ya wageni na baba, naye peke yake haruhusiwi, hiyo atailala nayo. Na sababu ya kutoijaza friji ipo: chupa ya kawaida ya mililita 300 ina sukari gramu 30 hivi, vijiko vya chai saba. Ukitaka kuzuia, zuia mlangoni unaporudi kutoka sokoni, na izuiwe kwa wote.

Maneno nayo ni kufuli. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba vijana ambao wazazi wao huwazungumzia uzito na unene ndio waliokuwa na tabia nyingi zaidi za kujinyima na kutumia njia za hatari kupunguza mwili. Wale ambao wazazi wao walizungumzia chakula chenye afya, bila kuutaja mwili, walikuwa nazo kidogo. Mada ni ile ile ya mezani, ila mmoja anaambiwa "hii mboga inakupa nguvu ya kukimbia" na mwingine anaambiwa "utapasuka".

Meza

Njia ya pili ilienezwa na Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe na ushauri wa familia wa Marekani. Ni mgawanyo wa kazi. Mzazi anaamua chakula gani, saa ngapi na wapi. Mtoto anaamua atakula kiasi gani, au hatakula kabisa. Basi. Mzazi haingii kwenye tumbo la mtoto, mtoto haingii kwenye menyu.

Ukiisikia mara ya kwanza inaonekana ni mzaha. Mtoto mwenye hamu kubwa umwachie aamue kiasi? Lakini tazama tunavyowalea. Tangu mtoto akiwa na mwaka mmoja tunamfukuza na kijiko, "moja ya baba, moja ya jaja", na sahani ikibaki na kitu tunamkumbusha watoto wanaolala njaa. Leann Birch huyo huyo, na wenzake, waliwahi kulijaribu hilo mwaka 1987. Kundi moja la watoto walifundishwa kusikiliza tumbo, jingine walielekezwa kutazama saa na sahani na kutuzwa wakimaliza. Kundi la kwanza, walipopewa kitangulizi kizito walipunguza wenyewe chakula kilichofuata. Kundi la pili walikula vile vile. Walikuwa wamefundishwa kutolisikia tumbo.

Na hapa Uganda ina sehemu yake katika sayansi hii, jambo lililonifurahisha sana. Mwaka 1954 Mary Ainsworth alifika Kampala akaanza kuzitembelea familia 26 za vijiji vya karibu, akiangalia akina mama wa Kiganda na watoto wachanga. Humo ndimo alimoona jinsi mama anayezisoma vizuri dalili za mtoto wake, kilio cha njaa ni kipi na cha kutaka kubebwa ni kipi, anavyopata mtoto mwenye utulivu. Nadharia ya mwambatano wa mama na mtoto, inayofundishwa leo duniani kote, ilipata sehemu ya mizizi yake kwenye baraza zetu. Hilde Bruch, daktari wa Marekani aliyewatibu watoto wanene kwa miaka mingi, alilieleza upande wake mbaya: mama akikijibu kila kilio kwa chakula, cha baridi, cha woga, cha uchovu, mtoto anakua hajui njaa inafananaje. Kila linalomuuma ndani anaita njaa.

Nikajikumbuka. Binti akichomwa sindano, mandazi. Akianguka, pipi. Akishika nafasi ya tatu, chipsi na kuku. Siku ya kutembelea watoto kwa kaka yake wa bweni tunabeba masufuria kana kwamba tunakwenda harusini, kwa kuwa wiki sita za kutokuwepo hatujui kuzilipa kwa kitu kingine.

Meza ina udhaifu wake, na usiamini anayekuambia haina. Haikutengenezwa kupunguza kilo upesi. Wiki mbili tatu za mwanzo mtoto aliyezoea kufuli atakula kama anayeaga, kwa sababu haamini kwamba kesho kutakuwa na chapati tena. Inadai milo ya saa maalumu, na katika nyumba ambayo mzazi anarudi saa mbili usiku kutoka mjini na dada wa kazi ndiye mwenye jiko, ni lazima dada huyo aelezwe na akubali. Tena haifiki kantini ya shule.

Daftari

Njia ya tatu ndiyo iliyopimwa kwa muda mrefu kuliko zote, na ndiyo ngumu. Leonard Epstein, mwanasaikolojia wa Marekani, alivigawa vyakula kwa rangi za taa za barabarani: kijani kula kwa uhuru, njano kwa kiasi, nyekundu kwa nadra. Familia inaandika ilichokula na ilivyotembea, inajiwekea malengo madogo ya wiki, na anayefikia lengo anapata tuzo isiyo chakula. Siri yake iko kwenye neno familia. Mwaka 1990 alichapisha matokeo ya miaka kumi: watoto ambao wazazi wao nao walifuata mpango na kutuzwa pamoja nao walikuwa bado wamepungua kwa kulinganisha na umri wao, wakati wale ambao familia zao hazikubanwa na malengo maalumu walikuwa wameongezeka.

Sisi tulikaa siku moja tukagawa vya kwetu. Kijani: mboga za majani kama nakati, dodo na sukuma, bilinganya, papai, tikiti. Njano: matoke, posho, maharage, samaki, wali, mayai. Nyekundu: soda, chipsi, mandazi, kabalagala (vitumbua vya ndizi), na roleksi ya barabarani, chapati iliyokunjwa na mayai, inayoogelea mafutani (ya nyumbani yenye mafuta kidogo baba yao aliipigania hadi ikaingia njano). Jirani alipoiona karatasi ukutani na rangi zake akauliza tunampigia nani kura. Rangi hapa kwetu zina kesi zake.

Gharama yake ni muda. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa Januari 2023, kinasema matokeo mazuri huonekana familia ikipata saa 26 au zaidi za ana kwa ana na wataalamu, ndani ya miezi 3 hadi 12. Saa 26! Kampala hiyo ni nauli, ruhusa za kazini na ada ya mshauri, na nje ya mji mtaalamu mwenyewe utamtafuta kwa tochi. Kuna namna iliyo nyepesi. Moria Golan wa Israeli, mwaka 1998, aliwachukua watoto 60 wa miaka 6 hadi 11. Katika kundi moja watoto ndio walioitwa kwenye mafunzo. Katika jingine waliitwa wazazi peke yao, mtoto akaachwa acheze. Kundi la wazazi peke yao ndilo lililopunguza zaidi. Mimi naiona hiyo ndiyo habari kubwa kuliko zote kwa mzazi wa Uganda, maana unaweza kwenda kumwona mtaalamu wa lishe wewe na daftari lako, na mtoto asiguswe na mizani wala foleni.

Hofu yangu juu ya daftari ni moja. Watoto wetu wanaishi kwa alama. Kuanzia darasa la nne wanapangwa nafasi, na darasa la saba ni mtihani asubuhi hadi jioni. Ukimletea mtoto wa aina hiyo karatasi yenye rangi, ataifanya mtihani mwingine, na chakula chekundu kitakuwa dhambi. Wa kwangu alianza kufuta alichoandika. Tukamwondoa kwenye daftari ndani ya mwezi mmoja, tukabaki mimi na baba yake.

Ijumaa jioni, chapati ya tatu

Ili uone tofauti zake, chukua jambo moja. Ijumaa, chapati zimeiva, harufu imefika hadi barabarani. Mtoto amekula mbili na mkono unakwenda kwenye ya tatu.

Nyumba ya kufuli: "Imetosha." Sahani inaondolewa, na ile ya tatu anapewa kaka yake mwembamba mbele ya macho yake. Usiku anaamka kwenda chooni, na anapitia jikoni.

Nyumba ya meza: chapati zilipikwa kwa hesabu, mboga na maharage viliwekwa mezani kwanza, simu na katuni vimezimwa. Anaichukua ya tatu na hakuna anayemtazama. Hakuna kingine hadi chai ya asubuhi, na hilo analijua. Siku moja ataila yote, siku nyingine ataikata nusu aseme ameshiba, nawe usimpongeze. Ukimpongeza umerudi kwenye sahani.

Nyumba ya daftari: anajua chapati ni nyekundu na Ijumaa ndiyo siku yake. Aliamua tangu asubuhi kwamba zitakuwa mbili, baba alisema tatu. Baba akila ya nne anaandika nne. Nilivyoona kwetu, kumwona baba akiandika nne kulimfunza mtoto kuliko mahubiri yangu ya miezi sita.

Ipi kwa nani

Kwa aliye chini ya miaka 5 nisingegusa kitu kingine zaidi ya meza. Mtoto wa umri huo hanunui, hapiki, halipi. Kila kilichomfikia mdomoni kimepitia mkono wa mtu mzima. Rekebisha mkono.

Kwa wa miaka 6 hadi 11, meza kwa mtoto na daftari kwa wazazi ndio mchanganyiko ninaoupendekeza, na ndio tulioufuata. Kijana wa miaka 13 na kuendelea ana hela yake, ana rafiki zake wa kula kikomando, chapati na maharage ya barabarani, na atakuchukia ukimpangia. Daftari linaweza kumfaa kama amelitaka mwenyewe. Kama hajalitaka, zungumzeni usingizi na mchezo kwanza, mwili msiutaje.

Wa bweni ana mambo yake. Posho na maharage ya shule hayana tatizo, tatizo huwa sanduku la vitafunio na ile siku ya kutembelewa. Punguza masufuria, ongeza saa za kukaa naye.

Nyumba ambayo jaja ndiye mlezi mkuu, usianze na daftari hata kidogo. Ataliona ni tusi. Anza na saa za kula, kwa kuwa wazee wengi wanapenda utaratibu, tena watakusaidia kuusimamia.

Kufuli? Nimejaribu kulitafutia mtu wa kumfaa, sijampata. Labda kwa dawa na mafuta ya taa.

Zipo nguzo mbili ambazo bila hizo hakuna njia inayosimama, nazo ni usingizi na miguu. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12. Wa kwetu anaamshwa saa kumi na moja alfajiri awahi gari la shule, na usiku yuko na kazi ya nyumbani hadi saa nne, na mwili uliochoka unaomba sukari. Tulichoweza ni kuhamisha kazi ya nyumbani ifanywe kabla ya chakula na kuzima televisheni saa mbili na nusu. Kutembea nako, Shirika la Afya Duniani linasema dakika 60 za kujishughulisha kila siku kwa wa miaka 5 hadi 17, na bodaboda zimezila dakika zote hizo. Sasa akitoka madrasa anarudi kwa miguu na wenzake watatu, njia nzima kelele.

Mambo yasiyosubiri njia yoyote

Kuna dalili zinazokwenda hospitali moja kwa moja: mtoto mnene ambaye urefu wake umesimama, shingo au kwapa vilivyogeuka vyeusi na vinene kama mahameli, kukoroma kwa kukatika pumzi usiku, kiu na kukojoa kupita kawaida, maumivu ya nyonga au goti yanayomfanya achechemee, au uzito uliopanda ghafla baada ya kuanza dawa fulani.

Na kuna zinazokwenda kwa mwanasaikolojia au mshauri nasaha kabla ya mtaalamu wa lishe: anayekula kwa kujificha hadi anaumwa, anayejitapisha, anayekataa shule kwa kutaniwa, au aliyeanza kula hivyo baada ya msiba, talaka au jambo ambalo halisemi. Huyo ukimwekea rangi za taa unampaka rangi juu ya kidonda. Ukifika, mwombe mhudumu mapema mtoto apimwe faraghani, na mazungumzo ya kilo yafanyike akiwa nje. Mimi siku hizi naandika hivyo kwenye karatasi ndogo nampa muuguzi pale mapokezi, maana kwa mdomo husahaulika.

Kwa jaja wa Bombo ilinichukua safari tatu. Ya tatu sikutaja uzito wala chati. Nilimwambia, "Mama, huyu mtoto anakusikiliza wewe kuliko mimi. Akija likizo naomba awe mtu wako wa sokoni, muende kwa miguu, mrudi kwa miguu."

Akanitazama. "Na mandazi?"

"Mandazi asubuhi na chai, Mama, pamoja na wewe, mezani. Katikati ya mchana asipewe."

"Na nikimwona analia?"

"Mbebe."

"Na miaka kumi na huo mwili?" Akacheka hadi akafuta macho kwa leso. Kisha akaweka sharti lake: siku ya Idi nisimpelekee ile karatasi ya rangi nyumbani kwake.

Idi hatukuandika chochote.